Unakodi Boti ya Kuvua Pwani ya Kusini? Soma Hii Kabla ya Kutuma Pesa

Likizo ikikaribia, swali hili hutufikia sana: "Nimepata boti ya kuvua huko Diani. Nahodha anasema nitume pesa kidogo ndiyo anishikie siku. Nitume ama nisitume?"

Kwa kifupi, kulipa sehemu ya pesa mapema ni kawaida katika biashara hii. Lakini tuma ukishajua unamlipa nani, unalipia nini, na mambo yakiharibika itakuwaje. Twende polepole.

Jua unalipia safari gani

Kuanzia Diani hadi Shimoni, uvuvi wa kukodi boti una sehemu mbili kubwa. Ndani ya miamba, au karibu nayo, maji huwa tulivu zaidi. Hapo mnashusha mishipi kutafuta changu, tewa na kolekole, na nusu siku inatosha. Ni safari nzuri kwa watoto na kwa mtu ambaye hajazoea mawimbi.

Nje ya miamba, boti hutembea ikiburuta chambo nyuma yake, ikitafuta nguru, jodari na fulusi. Ukielekea Mkondo wa Pemba, kina ni kirefu na ndiko wengi hufuata sulisuli na wenzake wenye mdomo kama mkuki. Kadri mnavyoenda mbali ndivyo injini inavyokula mafuta, na bei inapanda. Kwa hivyo "safari ya kuvua" peke yake haitoshi. Uliza: saa ngapi, umbali gani, watu wangapi, na bei inajumuisha mafuta, chambo, vifaa na maji ya kunywa ama la. Uliza pia samaki ni wa nani. Boti nyingine hubaki na samaki, na wale wenye mdomo wa mkuki mara nyingi hutiwa alama na kuachiliwa.

Jambo moja likushtue: mtu akikuuzia safari ya kuvua ndani ya Kisite. Hiyo ni hifadhi ya taifa ya baharini. Unaweza kwenda kuogelea na kuangalia samaki, lakini kuvua hakuruhusiwi.

Kwa nini anataka pesa mapema?

Mafuta na chambo hununuliwa kabla hamjaondoka. Pia akikushikia Jumamosi, anamkataa mteja mwingine. Ombi lake lina sababu. Lenye kutia shaka ni kutaka pesa zote leo, kwa haraka, kwenye nambari ambayo jina lake silo alilokutajia.

Kabla ya kubonyeza "Tuma"

1. Mpigie, msiandikiane tu. Muulize maji yatajaa saa ngapi siku hiyo. Nahodha wa kweli hawezi kukwama hapo, kwa sababu maji yakipwa sana baadhi ya njia za kupita miambani huwa na kina kifupi, na saa ya kuondoka hutegemea hilo.
2. Omba nambari ya Till au Paybill ya biashara. Kama anatumia nambari yake binafsi, jina lilingane na la mtu unayezungumza naye.
3. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha muamala. Likiwa tofauti, simama hapo.
4. Mwandikieni makubaliano kwa ujumbe: tarehe, saa, bei, kiasi kilicholipwa, salio.

Tunasisitiza haya kwa sababu moja. Huduma ya kurudisha muamala ni ya mtu aliyekosea nambari. Ukituma kwa mtu uliyemkusudia na asilete boti, hilo si kosa la nambari. Tupigie mara moja na uripoti polisi ukiwa na nambari ya muamala, lakini pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzipata ni vigumu sana.

Mfano wa hesabu

Tuseme boti ni shilingi 24,000 na mko watu 6. Kila mtu ni 4,000. Nahodha anataka asilimia 30 mapema, yaani 7,200, kwa hivyo kila mmoja anachanga 1,200. Salio ni 16,800, au 2,800 kwa kila mtu. Mmoja wenu akusanye na kulipa mara moja, ili risiti iwe moja. Watu 6 wakituma kivyao, mtabishana ufuoni nani hajalipa.

Bahari ikichafuka

Upepo wa kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na katikati ya mwaka mawimbi ya nje huwa makubwa. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, wengi hupendelea kwenda mbali. Lakini hata msimu mzuri una siku mbaya. Uliza mapema: nahodha akisema hatutoki, pesa zinarudi ama tunapewa siku nyingine? Na mimi nikiahirisha? Nahodha akikataa kutoka kwa sababu ya hali ya hewa, usimsukume. Pesa mliyolipa haifai kuwa sababu ya kuingia baharini siku isiyofaa.

Siku yenyewe

Kabla ya kupanda, uliza kuhusu leseni ya boti kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, na uhakikishe kila mtu ana jaketi la kuokolea. Kama havipo, usilipe salio na usipande.

Lipa salio mkiwa nchi kavu, kabla ya kuondoka au mkirudi, vile mlivyokubaliana. Huko nje mtandao hupotea, ujumbe huchelewa, na mtu anaweza kulipa mara mbili. Simu iwekwe kwenye mfuko usioingia maji, na PIN ibaki kichwani mwako.

Nanyi manahodha mnaotusoma: ujumbe wa "umepokea pesa" unaweza kughushiwa. Angalia salio lako kwanza, halafu ndiyo ung'oe nanga.

Una safari wiki hii? Hifadhi nambari yetu ya huduma kwa wateja kwenye simu yako sasa, kabla hujaihitaji.