Meno ya Kahawia na Mashauri ya Mitandaoni

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wapo vijana wafunikao kinywa kwa kiganja wanapocheka. Meno yao yana mistari myeupe, mabaka ya kahawia, na pengine vishimo vidogo. Wageni huwadhania kuwa hawapigi mswaki. Dhana hiyo si ya haki, na kisayansi ni potofu.

Chanzo ni madini ya floridi. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na Mlima Hanang wenyewe ni volkano. Maji yapitayo katika miamba ya namna hiyo huyeyusha floridi na kuibeba hadi visimani. Shirika la Afya Duniani hupendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kiasi kidogo huimarisha jino. Kikizidi, huvuruga ujenzi wa enameli, yaani tabaka gumu la nje, wakati jino lingali ndani ya ufizi. Kwa hiyo hatari ni ya mtoto, hasa aliye chini ya miaka 8. Mtu mzima ahamiaye huko hapati mabaka hayo. Magadi yatiwayo katika maharage na makande ili yaive upesi nayo huwa na floridi, tena pengine nyingi.

Siku hizi kijana huyo hufungua simu akakuta picha za meno meupe, pamoja na shauri la kuyasugua kwa ndimu, mkaa au magadi soda. Mwanafunzi wa udaktari wa meno huziona picha hizo hizo, lakini yeye hupaswa kuuliza: asidi ya ndimu huifanya nini enameli? Darasani, kitieni kipande cha ganda la yai katika maji ya ndimu. Mapovu yatokayo ni kaboni dioksidi, maana ganda ni kalsiamu kaboneti. Enameli ni ya kalsiamu fosfeti, haitoi mapovu. Hata hivyo asidi huinyang'anya kalsiamu vilevile. Baka limo ndani ya enameli, si uchafu ulioganda juu yake, na enameli ikiliwa haioti tena. Daktari wa meno aweza kulipunguza au kulifunika.

Kuchemsha maji hakuondoi floridi: mvuke hutoka, floridi hubaki katika maji machache zaidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimetumia mkaa wa mifupa kuinasa. Maji ya mvua, ambayo hayagusi miamba hiyo, huwa na floridi kidogo mno, na maharage ya mtoto huiva bila magadi, ila kuni zitakwenda nyingi zaidi.