Kata Ndege Ukiiangalia Meli

Mdogo wangu wa Kinondoni, hongera. Miaka 20 ya ndoa si mchezo, na shemeji kukubali kupanda meli ya kitalii ilhali hata boti ya Zanzibar humpa kichefuchefu, hayo ni mapenzi. Umeniuliza kama ukate zile tiketi za ndege za bei ya chini zinazokufikisheni Barcelona Jumamosi saa 7 mchana, maadamu meli inang'oa nanga siku hiyohiyo saa 12 jioni. Si wewe peke yako mwenye swali hilo, kwa hiyo nakujibu hadharani, na wengine watege sikio.

Usizikate.

Ile saa 12 jioni ni ya meli, si yako. Kampuni nyingi hufunga mlango wa abiria dakika 60 hadi 90 kabla ya kuondoka, maana orodha ya waliomo lazima ikamilike na kukabidhiwa. Saa yako ya mwisho basi ni saa 10 na nusu. Sasa tembea nami tangu ndege inapogusa ardhi. Kuna foleni ya uhamiaji, na tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kuchukua alama za vidole na picha ya uso ya wageni kama sisi, mmoja mmoja, hapohapo mpakani. Kuna kusubiri mabegi. Kuna teksi kutoka uwanja wa El Prat hadi gati za Moll Adossat, mwendo wa kama nusu saa magari yakienda vizuri. Yote hayo yanaenea ndani ya saa tatu na nusu, sikatai, ila kwa sharti kwamba ndege zote mbili, ya Dar hadi Istanbul na ya Istanbul hadi Barcelona, zimekwenda kwa saa yake. Nani kati yetu hajawahi kukaa uwanjani akisikiliza spika ikimwomba radhi?

Ukiachwa, chumba chako cha melini kinakwenda kitupu na pesa yako haikurudii. Kuifuata meli hadi bandari inayofuata ni kwa mfuko wako, tena kwa ruhusa ya kampuni. Ndiyo maana nasema mfike Ijumaa, mlale, Jumamosi mwende bandarini mmeoga na kunywa chai. Usiku mmoja wa hoteli unauona ghali kwa sababu unaulinganisha na punguzo la nauli. Ulinganishe na bei ya meli nzima kwa watu wawili, uone kama bado ni ghali.

Kuna kitu katika tiketi zako kilichonitisha kuliko saa. Ile picha uliyonitumia inaonyesha Dar hadi Istanbul ni tiketi moja, Istanbul hadi Barcelona ni tiketi nyingine ya shirika jingine, kila moja na namba yake. Bei imeshuka kwa sababu hiyo. Tiketi ikiwa moja kuanzia Dar hadi mwisho, ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili, shirika la pili halina habari na wewe. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea, basi. Isitoshe, pale Istanbul huenda ukalazimika kutoka nje kuchukua begi lako na kuliandikisha upya, na kutoka nje maana yake ni uhamiaji wa Uturuki na viza ya Uturuki. Unafuu wote umeishia hapo.

Sasa nikupe jambo ambalo mawakala hawalisemi kwa kuwa hawaulizwi. Katika Mediterania, kampuni kama MSC na Costa hupakia abiria katika bandari kadhaa za mzunguko uleule. Meli inayozunguka Barcelona, Marseille, Genoa na Civitavecchia wengine huipandia Barcelona, wengine Genoa, na kila mmoja humalizia alipoanzia. Kwa hiyo si lazima uchague bandari kwanza halafu uanze kuhangaika na ndege. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Barcelona, wala kutoka Nairobi. Utapitia Doha, Dubai, Istanbul, Amsterdam au pengine. Tazama kwanza ni mji upi unaoufikia kwa tiketi moja, kwa bei unayoiweza na saa za kibinadamu, ndipo umwambie wakala wa meli utapandia wapi. Watu karibu wote hufanya kinyume chake, kisha wanalalamika nauli.

Ila soma ramani, usisome tangazo. "Roma" ya watu wa meli ni Civitavecchia, kama saa moja kwa gari kutoka uwanja wa Fiumicino. "Paris" yao ni Le Havre, karibu kilomita 200 kutoka Paris yenyewe. "London" mara nyingi ni Southampton, nako ni mbali. Barcelona haina ujanja huo, bandari iko mjini kabisa, na kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza mimi ningemwambia apandie hapo.

Viza ije kabla ya pesa ya ndege. Ubalozi unataka kuona mpango wa safari, haukulazimishi uwe umeshalipa tiketi, kwa hiyo mwambie wakala akushikie nafasi tu. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Halafu tazama ratiba ya meli bandari kwa bandari. Ukiona Tunis humo, au Kusadasi ya Uturuki kwa wanaozunguka visiwa vya Ugiriki, ujue hapo unatoka Schengen na kuingia tena, na viza ya kuingia mara moja haitakufaa. Majina kwenye tiketi ya ndege na ya meli yafanane na ya pasipoti, yote matatu kama ni matatu. Mama Fulani hatambuliki bandarini.

Kuna watakaokushauri ununue ndege kwa kampuni ya meli yenyewe, ati meli itakusubiri. Meli haikusubiri. Inachofanya kampuni ni kufuatilia ndege yako, na ukichelewa ikahangaika kukufikisha bandari inayofuata, jambo ambalo si dogo. Lakini mipango hiyo imepangwa zaidi kwa abiria wa Marekani, Kanada na Ulaya. Wadogo zangu mlioko Minnesota na Toronto, nyinyi iulizieni bei kabla ya kukata wenyewe. Sisi wa huku tutegemee tiketi moja na siku moja ya ziada.

Wala msijiliwaze na ile fidia ya Ulaya ya ndege kuchelewa, inayofika hadi yuro 600 kwa safari ndefu. Ukiondokea Dar inakuhusu endapo umepanda shirika la Ulaya. Ukipanda la Ghuba au la Uturuki, itakuhusu wakati wa kurudi tu, kwa kuwa unaondokea Ulaya. Na meli iliyokuacha haimo katika hesabu yake. Bima ya safari ndiyo inayoweza kulipa, kama ina kipengele cha kukosa chombo ulichokuwa unakiunganisha. Kisome kabla ya kulipa, maana bima ya bei poa mara nyingi hulipa hospitali na kuishia hapo. Begi nalo huweza kubaki Doha wewe ukafika, kwa hiyo dawa, vidonge vya shemeji vya kichefuchefu na nguo za siku mbili viwe kwenye begi la mkononi.

Kurudi hakuna mambo mengi. Meli hufunga gati alfajiri au asubuhi mapema, watu hushushwa kwa zamu, na mabegi makubwa huchukuliwa usiku uliotangulia, utayakuta gatini. Kwa Barcelona usikate ndege ya kabla ya saa 7 mchana. Kwa Civitavecchia songa hadi saa 8 au 9.

Halafu, hili limewaponza wengi: saa za Kizungu na siku zinazobadilika usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa Alhamisi 03:30, hiyo ni saa 9 na nusu ya usiku wa kuamkia Alhamisi. Uwanjani unatakiwa Jumatano usiku kabla ya saa 7, wakati majirani bado hawajazima televisheni. Anayefika Alhamisi jioni na mabegi yake amechelewa kwa zaidi ya nusu siku.

Kabla hujalipa, mtumie wakala ujumbe wa maswali mawili: tiketi hii ni namba moja hadi mwisho wa safari, na begi langu nitalipokea mji gani? Akupe jibu kwa maandishi. Akianza kukupigia simu ili akueleze kwa mdomo, tafuta wakala mwingine.