Mgeni Asiyetajwa Jina: Kufundisha Makisio Katika Somo la Ufahamu

Katika masomo ya ufahamu yanayofundishwa na wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, maswali mengi huwa ya aina moja: nani alifanya nini, wapi, lini. Jibu limo katika kifungu, na mtoto hana kazi ila kulinyofoa. Maswali hayo yana mahali pake. Lakini mtoto aliyezoea hayo tu hutatizika anapokutana na habari iliyosemwa nusu, na habari za namna hiyo ni nyingi. Hana budi afundishwe kukisia kwa ushahidi. Mfano wetu tutautoa mbali, kwa wapenzi wa mchezo mmoja wa kompyuta wa Marekani, kwa sababu watu hao wameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini bila mwalimu wala mtihani.

Mchezo huo ni Half-Life, uliotengenezwa na kampuni ya Valve na kutolewa mwaka 1998. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi. Mchezaji hushika nafasi ya Gordon Freeman, mtaalamu wa fizikia katika maabara ya Black Mesa, New Mexico, ambako jaribio moja linaharibika na viumbe wa ulimwengu mwingine wanaingia. Katikati ya maafa hayo mchezaji humwona kwa mbali mtu aliyevaa suti na kushika mkoba, amesimama mahali pasipofikika, akitazama. Hakimbii, wala haombi msaada. Ukimfuata, hayupo. Mwishoni ndipo anapojitokeza, akazungumza kwa mikazo ya sauti isiyo mahali pake, na kumpa Freeman kazi kwa niaba ya waajiri asiowataja.

Ni nani huyu? Mazungumzo ya mchezo hayamtaji jina. Wachezaji humwita G-Man, jina lililomo katika mafaili ya mchezo wenyewe. Mwanachuo na atazame hapa kwa makini. Katika Kiingereza cha Marekani neno hilo, tangu zamani, humaanisha mpelelezi wa serikali. Basi amwitaye hivyo amekwisha kukisia kabla hajafikiri. Ndivyo inavyokuwa darasani mwalimu anaposema, “Leo tutasoma habari za mwizi mmoja,” na watoto hawajasoma hata mstari.

Wako waliosema ni mtumishi wa serikali, kwa ushahidi wa suti, mkoba, na kuingia kwake maabarani bila kuzuiwa. Wengine walisema ni mtumishi wa viumbe wa ulimwengu mwingine, kwani hutokea na kutoweka apendavyo. Na wako walioshikilia, kisio lililopendwa sana, kwamba ni Freeman mwenyewe aliyerudi kutoka siku zijazo.

Kisha hadithi ikaendelea. Katika Half-Life 2 ya mwaka 2004 dunia imetekwa na serikali zake zimekwisha kushindwa, lakini mtu yule bado ana suti yake, bado ana waajiri. Kisio la kwanza likapungua nguvu sana. Katika sehemu iliyofuata, ya mwaka 2006, viumbe waitwao Vortigaunt wakamzuia asimchukue Freeman; kumbe naye ana mipaka. Mwaka 2007 mzee Eli Vance akasimulia kwamba ndiye aliyekileta Black Mesa kile kipande cha fuwele kilichosababisha maafa. Waliomdhania kuwa mtazamaji tu walilazimika kusoma upya tangu mwanzo.

Lakini tukio lenye faida kubwa kwa mwalimu limo katika Half-Life: Alyx, ya mwaka 2020. Hapo wahusika wa hadithi ndio wanaokisia. Maadui wana gereza kubwa linaloelea angani. Kwanza Alyx, binti yake Eli, na wenzake huamini kwamba ndani yake mna silaha. Baadaye husikia kwamba mna mtu aliyenusurika Black Mesa, mwenye uwezo wa kutisha. Wakasema: huyo ni Gordon Freeman! Alyx akajitia hatarini, akalivunja gereza, na aliyetoka ni mtu mwenye mkoba.

Kosa lao lilikuwa nini? Ushahidi wao haukuwa wa uongo. Kila walichosikia kilikuwa kweli, ila kilimfaa zaidi ya mtu mmoja, nao hawakuuliza ni nani mwingine. Mwanachuo akilielewa kosa hili amepata nusu ya somo. Ama mchezo huo nao haukusema ni nani hasa, na wanaodai kuwa ni Freeman wa siku zijazo bado wapo. Mwandishi wa makala haya halipendi kisio lao: kila jambo linalolipinga huambiwa kwamba mtu huyo anaficha. Kisio lisiloweza kuangushwa na ushahidi wowote halimfundishi mtoto kusoma.

Sasa twende Darasa la Tano. Kompyuta haihitajiki. Tunga kisa kifupi: mgeni anashuka basi kijijini jioni, amebeba kikapu kilichofungwa kwa kamba, hajibu maamkizi, anauliza nyumba ya mzee aliyefariki mwaka jana. Hapo simama. Gawa ubao sehemu mbili, upande mmoja “Tuliyosoma”, mwingine “Tunayodhani”. Kila mtoto atoaye kisio aoneshe neno la kifungu linalolitegemeza, kisha wenzake waulizwe swali moja: neno hilo laweza kumfaa nani mwingine? Usiharakishe. Swali hilo likichukua dakika ishirini, andalio lako halijaharibika.

Mwandishi aliwahi kulifundisha somo la namna hii vibaya. Mtoto mmoja alisema mgeni ni shetani. Darasa likacheka, na mwalimu, ambaye ni mimi, nikacheka nalo na kumwita mwingine. Kumbe alikuwa na hoja: hajibu maamkizi. Ilinipasa kumwuliza ni mtu gani mwingine asiyejibu maamkizi, na pengine angesema kiziwi, au mgeni asiyejua lugha, au mwenye msiba. Mtoto yule hakunyosha mkono tena katika muda wote niliokuwa pale. Upande wa pili wa kosa hili ni kusifu kila jibu, “vizuri, vizuri”, mpaka watoto wakaona kwamba kusoma na kubahatisha ni mamoja.

Sehemu ya pili ya kisa isomwe siku nyingine, si siku ile ile. Nakili makisio yote katika karatasi ya manila, uitundike ukutani pamoja na ushahidi wa kila moja. Siku ya pili, baada ya kusoma, watoto wenyewe waende wakakate yaliyoanguka, kwa mstari mmoja tu, ili yaendelee kusomeka.