SOMO LA AFYA: Mume, Mke na Dawa ya Majaribio



Somo letu safari hii linahusu saratani, ambayo wengi wetu huiita kansa, hasa pale inapokuwa imeshasambaa mwilini na daktari akasema kwamba dawa za kawaida huenda zisitoshe. Wapo wanaouliza: "Nikisikia kuna dawa mpya inayojaribiwa, niifuate au niiache?"

Tuchukue mfano wa mume na mke wa Olumbi. Mume alikuwa mvuvi, mke akilima mihogo na kuanika samaki. Wamefika kambini na watoto, na vile walivyoweza kubeba kichwani. Mke anatokwa na damu isiyo ya mwezi na kiuno kinamuuma, lakini kwa aibu ananyamaza muda mrefu. Anapopimwa anaambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba imekwisha kuvuka pale ilipoanzia. Usiku ule mume halali. Asubuhi jirani anamwambia yuko bwana mmoja mwenye dawa mpya ya chupa inayotibu saratani zote. Mume anaanza kuhesabu: simu, turubai, posho ya mwezi ujao. Yuko tayari kuviuza vyote.

Ndugu yangu, hatumlaumu. Nani asingeuza? Lakini kabla hajauza, amwulize yule bwana swali moja: "Wale uliowapa dawa hii mwanzo, wako wapi leo?"

Swali hili ndilo linalotenganisha majaribio ya kweli na biashara ya matumaini. Tutazame mambo yaliyotokea Uganda. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, jina lake Denis Burkitt, aliandika juu ya uvimbe wa taya ulioua watoto wengi. Kisu hakikufaa kitu, kwa kuwa uvimbe ulikuwa umeenea mahali pengi mwilini. Yeye na wenzake wakajaribu dawa. Mwaka 1967 ikafunguliwa Mulago wodi maalumu ya ugonjwa huo, ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapo madaktari walilinganisha: dawa moja peke yake, au dawa kadhaa pamoja? Watoto wengine uvimbe uliyeyuka kwa siku chache tu. Kwa wengine ulirudi, wakafa. Yote yaliandikwa, mazuri na mabaya. Mtoto akiruhusiwa kurudi nyumbani hakusahauliwa: wahudumu walimfuata kijijini kwa gari kuona kama bado mzima. Kwa njia hiyo saratani ile ikawa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka 1972 daktari Mganda, Charles Olweny, alishika uongozi wa taasisi, na kazi iliendelea hata katika miaka migumu ya Idi Amin.

Sasa linganisha na Loliondo, Tanzania. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Bei ilikuwa shilingi 500 tu, kwa hiyo huwezi kusema aliwanyang'anya watu mali. Lakini ni nani aliyeandika majina ya wanywaji, akawapima kabla na baada, akawafuata makwao? Wagonjwa wengine waliacha dawa zao za hospitali. Wengine walifia njiani na kwenye foleni. Nia njema haitoshi pasipo daftari.

Je, kwa mama yetu wa Olumbi upo msaada uliotokana na majaribio? Upo. Zamani saratani ya mlango wa kizazi iliyofika mbali ilitibiwa kwa mionzi tu. Mwaka 1999 huko Marekani yalitangazwa matokeo ya majaribio matano: wanawake waliopewa mionzi pamoja na dawa, hasa ile iitwayo sisplatini, waliishi zaidi kuliko wale wa mionzi bila dawa hiyo. Leo hayo ni matibabu ya kawaida. Wanawake waliokubali kujaribiwa walimfungulia njia mama huyu, ingawa kwa mtu wa Olumbi njia yenyewe ni ndefu: mpaka Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000.

Basi mkiitwa kwenye majaribio, nendeni wawili, msikilize wawili. Mgonjwa hanunui dawa inayojaribiwa. Lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kimwani, Kimakonde au Kiswahili, madhara ni yapi na akikataa atapata matibabu gani. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa huduma ya kawaida. Na jambo hili wanaume wenzangu walisikie vizuri: anayekubali ni mke mwenyewe. Sahihi ya mume haitoshi, maana mwili si wa mume. Mkiona haraka, siri, au ahadi ya kupona kwa hakika, ondokeni.

Kuna jambo moja ambalo halingoji majaribio yoyote, nalo ni maumivu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji inayonywewa. Wagonjwa waliokuwa wakilia usiku kucha waliweza kulala, kula, na kuongea na watoto wao. Baadaye Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika. Mofini haimaanishi kwamba mgonjwa ameachwa afe, na anaweza kuitumia huku akiendelea na matibabu mengine. Mume akitaka kupigania jambo leo hii, aanze na hili: amwulize daktari, mbele ya mkewe, "Maumivu haya mtayatuliza kwa nini?"

Mwenye mgonjwa asiyeweza kutembea amwarifu mhudumu wa jamii wa kitongoji chake. Karatasi zote za hospitali, hata zilizochanika au kulowa, msizitupe. Ziwekeni kwenye mfuko wa plastiki na mje nazo.