Uhakiki wa Tamthiliya: Msichana wa Tabaka la Chini Jukwaani

Utangulizi
Penina Muhando (Penina Mlama) alizaliwa mwaka 1948 Berega, mkoani Morogoro. Tamthiliya yake *Hatia* ilitoka mwaka 1972, naye akiwa bado kijana. Kiini chake ni mimba ya binti asiyeolewa, na swali limo katika jina lenyewe: hatia ni ya nani? Mwaka 1996 mradi wa Tuseme ulianza kutumia sanaa za maonyesho ili wasichana wa sekondari nchini wataje wenyewe vikwazo vya masomo yao.

Soma kisehemu hiki, kilichotungwa kwa ajili ya zoezi

*(Dunda, Bagamoyo. Alfajiri. Jiko la kuni.)*

MAMA: *(Akigeuza samaki karaini)* Kesho usiende shule. Mama yako mdogo wa Magomeni anataka msichana wa kazi.

MWANAHAWA: Mama, keshokutwa tunaanza mtihani.

MAMA: Mtihani utalipa deni la mafuta?

MWANAHAWA: Mbona kaka Hemedi hajaambiwa aache?

MAMA: *(Kimya. Anafuta macho.)* Moshi huu!

Swali: Fafanua mgogoro na dhamira mbili zinazojitokeza.

Jibu la mfano

*Mgogoro.* Upo mgogoro wa nje kati ya Mama na Mwanahawa: mmoja anataka kipato, mwingine anataka elimu. Upo pia mgogoro wa nafsi. Mama ananyamaza na kufuta macho, kisha anasingizia moshi. Hii inaonesha kuwa uamuzi wake unamuumiza.

*Umaskini.* Deni la mafuta ndilo linalomsukuma Mama. Mwandishi hamchori kama mkatili, bali kama mzazi aliyekosa njia.

*Ubaguzi wa kijinsia.* Hemedi anaendelea na shule, dada yake anatakiwa akafanye kazi za ndani. Swali la Mwanahawa halijibiwi, na ukimya huo ni ushahidi kwamba Mama hana hoja ya kulijibu.

Zingatia
- Usisimulie tu kisa. Kila hoja iwe na ushahidi kutoka kwenye matini, kisha ufafanuzi.
- Maelekezo ya jukwaani (maneno yaliyo ndani ya mabano) nayo ni ushahidi. Watahiniwa wengi huyaruka na kupoteza alama.
- Usichanganye dhamira na ujumbe. Dhamira ni jambo linalozungumziwa, mfano umaskini. Ujumbe ni funzo tunalopata, mfano: mzigo wa familia usibebeshwe mtoto wa kike peke yake.

Zoezi
1. Je, hatia katika kisehemu hiki ni ya Mama, ya jamii, au ya hali ya maisha? Toa hoja tatu.
2. Endeleza mazungumzo haya kwa mistari sita, Hemedi akiingia. Atasema nini? Kumbuka: hata yeye anakula samaki wa karai lile.