Nimeokoka, mbona nimerudi nyuma?

*Mchungaji, Bwana asifiwe. Niliokoka miaka minne iliyopita. Zamani niliamka saa kumi alfajiri kuomba; siku hizi nikipiga magoti nasinzia. Mwezi uliopita nilirudia pombe. Je, Mungu ameniacha?*
*Msomaji, Morogoro*

Bwana asifiwe, dada yangu. Unaogopa kwamba ubaridi huu ni dalili ya kuachwa. Sivyo. Msisimko wa siku za mwanzo hupoa kwa kila mtu, ila wengi hawasemi ibadani. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba aliishi na ubaridi kama huo kwa miongo kadhaa, huku akiendelea kuhudumia maskini.

Soma 1 Wafalme 19. Baada ya ushindi wake kwenye mlima Karmeli, nabii Eliya aliketi chini ya mretemu akitaka kufa. Malaika hakumhubiria, alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Alikula, akalala tena. Kwa hiyo nakuuliza kwanza: wewe unalala saa ngapi?

Acha saa kumi kwa sasa. Omba dakika tano, ukiwa umesimama. Anza na Zaburi 13, ambayo inaanza kwa malalamiko na kuishia kwa tumaini.

Kuhusu pombe, mweleze mtu mmoja mzima mwenye kifua, si kikundi chote cha maombi (huko siri hailali). Lakini ukiona unakunywa kila siku, au mikono inatetemeka asubuhi, nenda hospitali kabla ya kuacha ghafla. Mwili uliozoea unaweza kupata degedege. Ukipata mawazo ya kujiua, nenda hospitali leo hii, na usiende peke yako.