Ngozi ya Mahali pa Sitara na Dawa za Kuichubua

Tumeletewa swali na mama mmoja katika darasa letu. Binti yake amebakiza miezi miwili kuolewa, na somo wake amemwambia kwamba weusi ulioko kinenani na ndani ya mapaja yake ni aibu itakayomchukiza mume, na kwamba sharti apelekwe penye duka la urembo akapakwe dawa ya kuchubua ngozi kabla ya siku ya harusi. Binti amelia, na mama hajui amjibu nini. Anauliza: Je, jambo hili lafaa katika dini yetu?

Huenda wakawako watakaosema kwamba maneno kama haya hayastahili kuandikwa. Lakini Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Haya ya kweli humkinga mtu na uovu. Ama haya inayomwacha msichana aunguzwe mwili wake kwa sababu hapana aliyethubutu kuuliza, hiyo si haya bali ni ujinga uliovishwa nguo ya haya.

Kwanza yatupasa tuujue weusi wenyewe. Mwenyezi Mungu ameweka katika ngozi ya kila mwanadamu chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Chembe zilizo kinenani, makwapani na penye sehemu za siri huitika zaidi homoni za mwili. Kwa hivyo mtoto anapobaleghe, mahali hapo huwa peusi kuliko tumbo au mkono, na mwanamke akichukua mimba weusi huo huzidi. Ndivyo walivyo watu wa kila taifa, weupe kwa weusi, wanaume kwa wanawake. Huyo bwana harusi anayeogopwa, naye pia yuko hivyo hivyo.

Tena kuna sababu zitokazo nje: mapaja yanayosuguana, nguo za kubana, wembe butu, na nta inayong'oa nywele kwa nguvu. Ngozi nyeusi ikikwaruzwa au ikiungua, hujibu kwa kutoa rangi zaidi. Kanuni hii ndogo msomaji aishike sana, kwani ndiyo itakayotuonyesha ubaya wa dawa hizi.

Liko pia jambo la tatu, nalo ni maradhi. Weusi ukiwa mnene na laini kama mahameli, ukaonekana shingoni, makwapani na kinenani, mara nyingi ni alama kwamba insulini haifanyi kazi yake sawasawa, na mtu huyo yuko katika hatari ya kupata kisukari. Doa lenye kingo linalowasha huenda likawa ni fangasi. Na doa linalokua upesi, linalobadilika sura au linalotoa damu, halifai kungoja. Haya yote dawa yake ni kwa tabibu. Anayeyachubua hufuta alama na kuyaacha maradhi ndani.

Sasa tuitazame hiyo dawa ya kuchubua. Asili yake ni tindikali. Iko ya glaikoliki, ambayo hupatikana katika miwa. Iko ya laktiki, ambayo ndiyo iliyomo katika maziwa yaliyoganda. Iko ya salisiliki. Na ziko kali kuliko hizo. Kazi ya zote ni kulegeza au kuunguza tabaka la juu la ngozi ili lipukutike na jipya liote. Tabibu wa ngozi aliyesoma huzitumia kwa kipimo, na kwa ngozi yetu huanza na iliyo dhaifu, kwani ajua hatari yake. Lakini ngozi ya kinena ni nyembamba, ina unyevu, imekunjamana, na husuguana kila hatua. Tindikali huingia ndani zaidi, na huenda ikaleta kidonda na kovu. Na kwa ile kanuni tuliyoitaja, mahali palipoungua huponea kwa weusi uliozidi ule wa kwanza. Hata dawa ikifaulu, homoni ziko pale pale na msuguano uko pale pale, basi rangi hurudi na mwanamke hurudi dukani. Mwezi wa Julai mwaka 2024, idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliwaonya watu wasizitumie tindikali kali za namna hii wenyewe majumbani pasipo tabibu, kwa kuwa zimepata kuleta majeraha mabaya.

Wako wanaoikimbia tindikali wakaangukia mafuta ya kung'arisha. Mengine yana zebaki, ambayo huharibu figo, na mabaki yake hushika katika taulo na shuka yakamfikia mtoto mchanga. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 Miladia umepiga vita vipodozi vya zebaki duniani. Mengine yana haidrokwinoni. Mwaka 1975 matabibu wa Afrika Kusini waliandika habari za wanawake walioitumia muda mrefu, ngozi zao zikafanya weusi wa kibuluu usiotoka. Na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi. Mengine yana steroidi, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikapasuka michirizi, na fangasi wakaenea.

Ama hukumu ya sheria, twaieleza kwa uadilifu bila ya kupindukia. Katika Musnad ya Imamu Ahmad iko riwaya inayomlaani mwanamke anayechubua na anayechubuliwa, lakini isnadi yake ni dhaifu, wala sisi hatujengi hukumu juu ya udhaifu. Tena Ibnul-Jawzi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 597 Hijria, hakuona ubaya kwa dawa iondoayo madoa na kumpamba mke kwa mumewe. Na Mtume (s.a.w.) alimruhusu sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani, atie pua ya dhahabu. Basi kuondoa ila si haramu, na pambo la mke kwa mumewe ni jambo la kheri.

Lakini katika swali letu mna mambo matatu yanayozuia. La kwanza, weusi wa maumbile si ila. Kuuita ila ni kuitia aibu kazi ya Muumba. La pili ni madhara, na Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe. La tatu ni uchi. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, uchi wa mwanamke mbele ya mwanamke Mwislamu mwenziwe ni baina ya kitovu na magoti. Haufunuliwi kwa asiyekuwa mume ila kwa haja iliyo kubwa, kama uzazi na matibabu, nayo hupimwa kwa kiasi chake. Je, rangi aliyoumbwa nayo mtu ni maradhi hata afunuliwe mbele ya muuza urembo? Hapana. Ama mwenye maradhi, huyo na aende kwa tabibu, mwanamke akipatikana, wala asione haya.

Maneno yaliyobaki twawaambia wanaume. Wako waume wanaowacheka wake zao kwa rangi ya miili yao, na mwanamke huyo kesho ndiye anayejiunguza kwa siri. Qur'ani imetuamrisha tukae nao kwa wema, na kejeli ya chumbani si wema. Na masomo wetu, ambao tunawaheshimu kwa kazi yao, twawaomba wawafundishe maharusi usafi na adabu, wasiwatie hofu ya miili yao.

Basi mama yetu, jibu letu ni hili: usimpeleke. Binti yako anyoe kwa wembe mpya na maji ya sabuni, wala asipitishe siku arubaini, kama tulivyofundishwa. Avae nguo za pamba zisizobana, asijisugue kwa dodoki gumu, na ajipake mafuta mepesi yasiyo na manukato. Liwa na singo vyatosha kwa mwili wa nje. Kinenani visitiwe, visije vikamwasha. Ukiona weusi ule wa mahameli, mpeleke hospitali akapimwe sukari. Na zaidi ya yote, mwambie kwamba hana ila, asikie kwako wewe kabla ya kusikia kinyume chake kwa mwingine.

Wabillahi tawfiki.